Uingereza: Kura Huhesabiwa Kila Mahali Kivyake, Fedha Huamuliwa London

Asubuhi ya tarehe 5 Julai 2024, katika jimbo la South West Norfolk mashariki mwa England, Liz Truss, aliyewahi kuwa waziri mkuu, aliangushwa kwa kura 630. Aliyemshinda, Terry Jermy wa chama cha Labour, hakufikisha hata asilimia 27 ya kura zilizopigwa. Zaidi ya wapiga kura saba katika kila kumi walimtaka mtu mwingine, na bado akatangazwa mbunge halali wa jimbo zima. Hakuna duru ya pili. Ukimzidi mwenzako hata kwa kura moja, kiti ni chako.

Utaratibu huo si mgeni kwetu. Tanzania, Kenya na Uganda ziliurithi kwa Waingereza, na mpaka leo ndio unaotumika kuwapata wabunge wa majimbo. Tofauti ni kwamba Waingereza wenyewe sasa wana vyama vingi vyenye nguvu, na mfumo uliotengenezewa mbio za watu wawili umeanza kutoa matokeo ya ajabu.

Siku ya kura

Uchaguzi hufanyika Alhamisi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, katika shule, kumbi za makanisa, na mara nyingine hata kwenye baa. Hakuna wino wa kidoleni. Zamani mtu alitaja jina na anwani yake tu, akapewa karatasi. Tangu Mei 2023 lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha: pasipoti, leseni ya udereva, hata kadi ya basi ya wazee. Kisha huweka alama kwa penseli, akatumbukiza karatasi sandukuni na kwenda zake kazini. Hesabu huanza usiku uleule, na majimbo ya kwanza hutangaza kabla ya saa sita usiku.

Bunge linalochaguliwa ni la Makabwela, lenye viti 650. Bunge la Malodi halipigiwi kura na wananchi. Mwaka 2024 Labour ilipata takriban asilimia 34 ya kura na kuondoka na viti 411. Conservative ilipata asilimia 24 na viti 121. Liberal Democrats walipata asilimia 12 na viti 72. Reform UK, chama cha Nigel Farage, kiliwapita Liberal Democrats kwa kupata asilimia 14 ya kura, lakini kikaambulia viti vitano. Ukigawanya kura kwa viti, kila mbunge wa Labour aligharimu kura kama 23,600, na kila mbunge wa Reform kura zaidi ya 800,000.

Siri ni mtawanyiko. Chama chenye wafuasi kidogo kila mahali hushika nafasi ya pili au ya tatu nchi nzima na kurudi mikono mitupu. Chama kinachojua majimbo yake hukusanya nguvu pale kinapoweza kushinda. Ndiyo maana Liberal Democrats, walioumia miaka mingi kwa mfumo huu, safari hiyo waliupatia: walielekeza nguvu zao kwenye majimbo ya kusini ambako Conservative ilikuwa imechokwa.

Vyama na watu wake

Conservative, wenye rangi ya bluu, ni chama kikongwe kilichojengwa na wenye ardhi, wafanyabiashara na watu wa miji midogo. Labour, wekundu, kilizaliwa mwaka 1900 kutokana na vyama vya wafanyakazi, na kiliunda serikali yake ya kwanza mwaka 1924. Liberal Democrats walitokana na muungano wa vyama viwili mwaka 1988. Wafuasi wa chama cha Kijani wanaongezeka mijini, hasa kwa vijana. Uskoti kuna SNP kinachodai uhuru wa Uskoti, Wales kuna Plaid Cymru, na Ireland ya Kaskazini ina vyama vyake kabisa. Kimojawapo, Sinn Féin, huchaguliwa lakini wabunge wake hawachukui viti vyao bungeni London, kwa kuwa hawalitambui bunge hilo kuwa lao.

Waziri mkuu hachaguliwi moja kwa moja na wananchi. Ni kiongozi wa chama kinachoweza kuungwa mkono na wabunge walio wengi, na chama chake kikimchoka humwondoa bila uchaguzi mkuu. Mwaka 2022 peke yake nchi ilipitia kwa Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak.

Hesabu hubadilika ukivuka mpaka

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba dola hiyo moja ina njia kadhaa za kuhesabu kura. Bunge la Uskoti, lililoanza mwaka 1999, lina wabunge 129: 73 wa majimbo kwa mfumo tunaoujua, na 56 wa mikoa wanaogawiwa vyama ili kusawazisha uwiano. Kwa bunge la Ireland ya Kaskazini, mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3 na kuendelea, na kila jimbo hutoa wabunge watano. Mgombea akitolewa, kura yake huhamia kwa aliyeandikwa chaguo la pili, na hivyo kambi zilizowahi kumwagiana damu hulazimika kukaa bunge moja. Wales imehamia orodha za vyama kuanzia uchaguzi wa Mei 2026: majimbo 16, kila moja wabunge sita.

Madiwani nao hivyohivyo. Uskoti wamekuwa wakichaguliwa kwa kupangwa namba tangu 2007, na halmashauri nyingi huko hazina chama chenye wingi wa peke yake. England diwani bado hupita kwa kuzidi kura tu.

Waingereza waliwahi kuulizwa kama wanataka kubadili namna ya kuwapata wabunge wa London. Katika kura ya maoni ya Mei 2011, asilimia 68 walikataa. Vyama vikubwa havikusikitika, kwani anayepanda ngazi hiyo na kufika juu haoni sababu ya kuiondoa.

Halmashauri na mkono mtupu

Mwingereza hukutana na serikali mlangoni pake: pipa la taka, mashimo ya barabarani, maktaba, bustani, kibali cha kuongeza chumba, mtoto anayehitaji ulinzi, mzee asiyeweza kujilisha. Yote hayo ni ya halmashauri. Uangalizi wa wazee na watoto ni wajibu wa kisheria, na ndio unaomeza sehemu kubwa ya bajeti, kwa hiyo fedha zikipungua hukatwa maktaba na vituo vya vijana.

Fedha hutoka sehemu tatu kuu: ruzuku ya serikali kuu, kodi ya majengo ya biashara na kodi ya halmashauri inayolipwa na kaya. Bili ya kaya hufika Machi na kwa kawaida hulipwa kwa mafungu kumi. Juu yake kuna herufi, A mpaka H kwa England, inayoonyesha daraja la nyumba. Daraja hilo limepangwa kwa bei ya Aprili 1991! Nyumba iliyojengwa juzi hukadiriwa ingekuwa na thamani gani mwaka ule. Daraja H hulipa mara tatu tu ya daraja A, hata nyumba ikiwa kasri. Mwaka 2024 mwenye jumba la daraja la juu kabisa Westminster, katikati ya London, alilipa kidogo kuliko mwenye nyumba ya daraja la kati Hartlepool, mji wa pwani usio na utajiri. Anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, na nyumba yenye wanafunzi watupu wa masomo ya muda wote hailipi.

Hakuna serikali ya London iliyothubutu kukadiria upya nyumba zote za England. Kumbukumbu ya 1990 bado ni mbichi. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, alileta kodi ya kichwa ya kugharamia halmashauri, mfano wa ile ambayo Waingereza walitoza Tanganyika na Kenya enzi za ukoloni. Wananchi wakaingia mitaani, vurugu zikazuka Trafalgar Square, na kabla mwaka haujaisha Thatcher alikuwa ameng'oka.

Baada ya 2010 serikali ya David Cameron ilianza kubana matumizi. Kati ya 2010 na 2018 fedha za serikali kuu kwa halmashauri za England zilipungua karibu nusu kwa thamani halisi. Kupandisha kodi wasingeweza watakavyo: leo halmashauri yenye jukumu la wazee ikitaka kuipandisha kwa asilimia 5 au zaidi kwa mwaka, lazima iitishe kura ya maoni au ipewe ruhusa maalumu. Mkono mtupu haulambwi, basi baadhi wakaenda kukopa. Woking, wilaya ya watu kama laki moja, ilikopa kujenga maghorofa na hoteli, deni likakaribia pauni bilioni 2, na mwaka 2023 ikatangaza kuwa haimudu bajeti yake. Birmingham, yenye wakazi zaidi ya milioni moja, ilitangaza hivyohivyo Septemba mwaka huo, ikielemewa na madai ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume na mfumo mpya wa kompyuta uliokwenda kombo. London ilituma wasimamizi, kodi ikapanda karibu asilimia 10 kwa mkupuo, na Machi 2025 wazoa taka wakagoma kabisa, mifuko ikarundikana barabarani na panya wakaneemeka.

Woking ilikopa chini ya Conservative, Birmingham ilifilisika chini ya Labour. Rangi ya chama haikuokoa yeyote, maana diwani wa England hupewa wajibu na wapiga kura lakini kasma yake huamuliwa London, na bunge ambalo theluthi moja ya kura inatosha kulitawala. Mpaka hapo patakaporekebishwa, kubadilisha madiwani ni kubadilisha wa kulaumiwa.

Kwa wenye ndugu huko: raia wa Tanzania, Kenya au Uganda anayeishi Uingereza kihalali na aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa kupiga kura zote, ya diwani na ya mbunge, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Kodi wanailipa tayari, waambieni wajiandikishe.