Bina-Adamu!: Kwa Nini Wengine Hucheka na Wengine Hukwama

Sidhani kuna riwaya ya Kiswahili inayowagawa wanafunzi wetu kama Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2002. Wapo wanaoirudisha maktaba baada ya kurasa kumi, na wapo wanaoisoma mara mbili.

Wanaokwama hutafuta ploti. Wamezoea riwaya ya kihalisia kama Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ambamo mhusika ana kwao na matukio hufuatana. Hapa msimulizi hana jina. Anazunguka Ulaya, Asia na Marekani akimsaka mtu aitwaye P.P., huku akiongozwa na Hanna. Kezilahabi mwenyewe alikwisha kuiacha njia ya uhalisia katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), na ni vyema mwanafunzi aanzie huko.

Wanaocheka wamegundua kwamba ufunguo ni utani. Tazama anwani yenyewe. Neno “binadamu”, lenye asili ya Kiarabu, tunalitamka kila siku bila kulisikia. Kistari kinalikata, na ghafla tunamwona mwana wa Adamu mwenyewe, tena anaitwa kwa alama ya mshangao! Au chukua ule msemo wa wanasiasa kwamba dunia imekuwa kijiji. Wamitila anausadiki neno kwa neno: anajenga Kijiji cha Utandawazi, na msomaji analazimika kukitembelea na kuona nani hasa anakula humo.

Mzaha mkubwa zaidi ni P.P. (asiyemaliza kitabu aniwie radhi). Ni Peter Pan, yule mtoto asiyekubali kukua wa tamthilia ya J. M. Barrie iliyoigizwa London mwaka 1904. Mwanafunzi asiyemjua Peter Pan hupata fumbo tupu. Anayemjua huona kwamba mwandishi amemkabidhi dunia mtoto mtukutu, na kicheko chake kinakuwa kichungu.

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Mwongozo wa mtihani huandika “P.P. ni ishara ya ubeberu”, mwanafunzi akakariri, akafaulu, na kitabu hajakisoma. Mimi ningependekeza sura moja isomwe darasani kwa sauti, bila daftari, kila mmoja akisimamisha usomaji pale anapohisi anataniwa. Maswali ya dhamira na maudhui yangoje wiki ya pili.