"SINA AKILI": NENO LINALODUMAZA MTOTO

Mwezi huu tunazungumzia afya ya akili ya mtoto wa shule, hasa aliye kati ya darasa la tano na kidato cha pili.

Hapa Mtowisa, kama kwingineko nchini, kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Aliyekuwa hodari wa hesabu sasa haelewi hata swali. Akishindwa mara mbili tatu husema, "Mimi sina akili." Tangu hapo hanyoshi tena mkono darasani, na wengine huacha shule kabisa.

Je, kweli hana akili? Hapana. Ubongo wake bado unakua. Kila anaporudia jambo gumu, mawasiliano kati ya chembe hai za ubongo huimarika. Ni kama njia katika majani marefu ya bondeni: anayepita kwanza hupata taabu, lakini ikipitwa kila siku hufunguka.

Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa utafiti wao juu ya watoto wa darasa la tano. Baada ya maswali ya kwanza, baadhi walisifiwa kwa akili, wengine kwa bidii. Kisha wote walipewa maswali magumu, wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa upesi, na jaribio lililofuata wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa bidii waliendelea, wakafanya vizuri zaidi.

Wazazi na walimu tufanye nini?

1. Tusimwite mtoto mjinga. Tusifu alichofanya: "Umeirudia hesabu hii mpaka umeipata."

2. Akikosa, tumuulize amekwama wapi. Maneno matupu hayatoshi. Aliyekwama kwa Kiingereza anahitaji maneno mapya machache kila siku, na mtu wa kumsikiliza akisoma.

3. Tuchunguze afya yake. Mtoto mwenye njaa, aliyepungukiwa damu kwa malaria au minyoo, au asiyeona ubaoni, hatibiwi kwa viboko. Apewe chakula, apelekwe zahanati.

Tumkumbuke yule mtumishi wa Injili aliyefukia talanta yake ardhini. Hakuwa amenyimwa, aliogopa. Basi mtoto akisema, "Siwezi," tumjibu, "Bado hujaweza, mwanangu. Lete daftari tuone."