Lami Mpya Isije na Misiba

HAKUNA wakazi wa mji mdogo wasiofurahi waonapo greda ikiwasili kuifufua barabara yao. Mashimo yatazibwa, vumbi litapungua na matatu hazitakwama tena. Lakini hebu tulia kidogo, msomaji, ujiulize: barabara hiyo inatengenezewa nani?

Chukua mfano wa Kimuka, katika Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara itokayo Ngong kwenda Suswa. Katika kituo cha biashara kama hiki, wengi wapitao hawana gari. Ni mtoto aendaye shule, mama aliyebeba mtungi wa maji, mzee wa mkongojo na mchungaji na mifugo yake. Wote hung'ang'ania ukingo ule ule ambako bodaboda hungoja wateja na matatu hushusha abiria.

Mashimo, pamoja na ubaya wake wote, humlazimisha dereva kwenda polepole. Lami ikishalainika, hukanyaga mafuta. Sheria inasema gari lisizidi kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara, lakini pasipo matuta wangapi huijali? Agongwaye na gari liendalo kilomita 30 kwa saa aghalabu hupona. Mwendo ukizidi 50, matumaini hupungua sana. Kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 waliuawa barabarani nchini kila mwaka, na waendao kwa miguu ndio walikuwa wengi.

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ikasifiwa kila mahali. Hata hivyo, madaraja ya wapita njia yaliendelea kuongezwa miaka mingi baadaye, watu wakiwa wamekwisha kufa wakivuka.

Basi mnapoitwa kwenye baraza kujadili mipango ya barabara yenu, usiulize tu lami itafika wapi. Uliza haya:

Njia ya miguu iko wapi? Iwe pande zote mbili, pana kiasi cha watu wawili kupishana, mmoja akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Nguzo za umeme na vibanda visiizibe.

Mitaro itafunikwa? Mtaro wazi ni mtego kwa asiyeona, na usiku ni mtego kwa kila mtu.

Ukingo utakuwaje? Kila tabaka jipya la lami huinua barabara. Ngazi ndogo unayoiruka wewe ni ukuta kwa mwenye kiti cha magurudumu. Pawe na mteremko mdogo: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za urefu.

Watu na mifugo watavukia wapi? Kivuko kiwe pale wanapovuka tayari, karibu na shule, zahanati na soko, na kitanguliwe na matuta yenye alama.

Matatu na bodaboda zitasimama wapi? Zikikosa mahali pake, zitaivamia njia ya miguu.

Usione haya kuuliza. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri. Jua pia mwenye barabara: KeNHA husimamia barabara kuu za kitaifa, KeRRA za vijijini na KURA za mijini, nazo serikali za kaunti zina zake. Peleka maombi kwa anayehusika, kwa maandishi, kabla kandarasi haijatiwa saini. Ramani ikiwa bado mezani, mstari hufutwa kwa raba. Lami ikishamwagwa, kuirekebisha ni gharama.

Na mwendapo barazani, mchukueni yule jirani ambaye hutoka nyumbani kwa shida. Akiweza yeye kuvuka salama, sote tutavuka.