Mbwa wa Ulinzi: Anunuliwe au Aokotwe?

Nyumba iliyo kando ya barabara iendayo Rumonge, hapo Kabezi, ina ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Na mwenye nyumba akiwa askari, huenda akashika zamu juma zima mbali na wanawe. Si ajabu basi mkewe akitaka mbwa. Lililo gumu ni kuamua kama mbwa huyo anunuliwe kwa mfugaji wa mbegu maalumu, au achukuliwe aliyetupwa na wenyewe.

Mjini Nairobi njia zote mbili zipo wazi. Wapo wafugaji walioandikisha mbwa wao katika East Africa Kennel Club, na lipo shirika la KSPCA, ambalo huwatunza mbwa waliotupwa, likawachanja na kuwahasi kabla ya kuwakabidhi kwa watu. Ufukweni mwa Tanganyika, anayejiita mfugaji aweza kuwa kijana aliyekumbatia watoto wawili wa mbwa barabarani, na makao ya mbwa aliyetupwa ni jalala la soko.

Mfugaji wa kweli hachukii maswali. Humwonyesha mnunuzi mama wa mtoto, naye mama akiwa mkali bila sababu, mnunuzi na aende zake. Hamtoi mtoto kabla hajatimiza majuma 8. Hutoa kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo, ikiwamo chanjo ya parvo, maradhi ya kuhara damu yawezayo kumuua mtoto wa mbwa kwa siku chache. Wa mbegu ya Kijerumani aulizwe pia nyonga za wazazi wake, kwani kilema cha nyonga hurithiwa.

Wala mbwa wa kienyeji asidharauliwe. Mwaka 1937 mbwa wadogo wa Kongo, ng'ambo ya ziwa hilihili, walionyeshwa London. Leo Wazungu hununua vizazi vyao kwa fedha nyingi kwa jina la Basenji! (Hao hawabweki kama wengine, na wawindaji waliwafunga njuga, kwa ulinzi wa usiku si chaguo la kwanza.) Mtoto wa mbwa wa jirani, ambaye mama yake anajulikana kijiji kizima, huwashinda wengi wa barabarani. Familia za Kiislamu nazo zimjengee kibanda nje, na chombo chake kisichanganywe na vya jikoni.

Askari afikirie uhamisho pia. Mbwa huishi miaka 10 na zaidi, na barua ya uhamisho haimtaji. Wengi wa mbwa koko walikuwa na nyumba.

Hatari kubwa ya kuokota ni kichaa cha mbwa. Mnyama aweza kuwa na ugonjwa huo kwa majuma au miezi kadhaa huku anakula na kucheza na watoto, na chanjo anayopewa baada ya kuambukizwa haiaminiki kumwokoa. Kwa hiyo aliyeokotwa achanjwe mara moja, afungwe mbali na watoto kwa miezi kadhaa, na akibadilika tabia au akishindwa kumeza, daktari wa mifugo aitwe. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa baada ya mwaka. Duniani hukadiriwa watu 59,000 kufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye.

Mtoto akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, bila kupakwa majani wala mafuta, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa siku 10.