Meza Nne za Poka Kwa Simu Moja: Pesa Yako Inaenda Wapi?

Saa tatu usiku. Umeshuka matatu Kabiria, umekula, sasa umelala na simu mkononi. Meza yako ya poka inaenda pole na karata ni mbaya, kwa hivyo unafungua meza ya pili. Halafu ya tatu, na ya nne. Unaona umejiongezea nafasi ya kushinda, sivyo?

Hebu tupige hesabu. Tuseme meza moja inagawa karata mara 60 kwa saa, na ukichanganya ushindi na hasara, unapoteza wastani wa bob 2 kila mgao. Meza moja itakula KSh 120 kwa saa. Meza nne zitakula KSh 480. Bahati ni ile ile, ni mwendo tu umeongezeka. Na kampuni inakata kamisheni yake kwa meza zote nne, hata ashinde nani.

Kuna makato mengine pia. Tangu Julai 1, 2025, kampuni za kamari zenye leseni Kenya hukata ushuru wa asilimia 5 kwa pesa unayoweka, na asilimia 5 nyingine unapotoa. Ukiweka KSh 500 mara nne usiku mmoja, KSh 100 imeenda kabla ya hasara yoyote.

Hatari zaidi ni ule ujumbe wa PIN. Meza moja ikiishiwa na pesa huku zingine tatu zinakungoja uamue, unabonyeza PIN haraka bila kusoma kiasi. Rent ya nyumba huisha hivyo, mia tano mia tano.

Fanya hivi:

1. Lipa rent, stima na karo kwanza. Cheza na kilichobaki pekee.
2. Weka pesa mara moja kwa usiku. Ikiisha, lala.
3. Soma kiasi na jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN.
4. Usiwahi kucheza na mkopo wa simu.
5. Kila mwisho wa mwezi, pakua taarifa ya akaunti yako. Jumlisha ulichoweka, kisha toa ulichopokea.

Jumla ikikushtua, mwambie mtu unayemwamini, na uombe kampuni ya mchezo ikufungie akaunti. Kumbuka, kamari ni ya waliotimiza miaka 18.