Utamu wa stevia huanzia kwenye mche
Magunia mawili ya majani makavu ya stevia yanaweza kulingana uzito lakini yakatofautiana utamu. Chanzo ni mche.

Mmea huu wenye asili ya Paraguay, unaolimwa pia Kericho nchini Kenya, huhitaji chavua ya mmea mwingine. Hivyo miche ya mbegu hutofautiana, hata mbegu zikitoka kwenye shina moja. Watafiti huchagua mimea yenye majani mengi, inayochelewa kuchanua na yenye rebaudiosidi A nyingi kuliko steviosidi, ambayo huacha uchungu mdomoni. Kisha huizalisha kwa vipandikizi ili sifa hizo zisipotee.

Mnunuzi amuulize kwanza mkulima: shamba lilipandwa mbegu au vipandikizi? Anayevusha miche mpakani naye asisahau cheti cha usafi wa mimea.