Namba 300.000.000.000 na vigawo vyake



Wadogo wetu wanatuuliza mara nyingi: hesabu ya vigawo inasaidia nini? Tunawajibu kwa namba moja ambayo wazazi wetu waliibeba mifukoni, hata kama hawakuiandika.

Mwaka 1967 zaire ilipoanza, zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Bei zikapanda, zikapanda, mpaka mwaka 1992 ikatengenezwa noti ya 5.000.000, na watu wengi wakaikataa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: 1 kwa zaire 3.000.000 za zamani. Kule Kasai waliikataa, wakabaki na noti zao za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga: 1 kwa zaire mpya 100.000. Sasa zidisha. Zaire za zamani 300.000.000.000, ni kusema miliari 300, njo franga 1!

Ukihesabu zaire moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, utafika kisha miaka 9.506 na kidogo.

Tuivunje namba hii. Ni 3, halafu 10 ikijizidisha mara 11. Kila 10 ni 2 mara 5. Basi ndani yake kuna 3 moja, 2 kumi na moja, na 5 kumi na moja, hakuna kingine. Kutengeneza kigawo, unachukua 3 ao unaiacha (njia 2). Unachukua 2 ngapi, toka sifuri mpaka 11 (njia 12). Na 5 vile vile (njia 12). 2 × 12 × 12 = 288. Vigawo 288, na 7 haimo. Watoto saba wakigawana, kila mmoja anapata 42.857.142.857, na zaire moja inabaki mezani. Wapigane!

Lakini angalia muzuri ile 3, maana njo yenye kuleta matata. Noti za zamani zilikuwa 1, 2 ao 5 na sifuri nyuma yake. Ndani yake mna 2 na 5 tu, 3 hakuna hata moja. Kwa hiyo hakuna noti hata moja iliyogawanyika sawasawa kwa 3.000.000. Noti ya 1.000.000 inatoa makuta mapya 33,333... na haiishi kamwe. Sasa mama wa sokoni iko na noti 300 za namna hiyo. Mwenye kumubadilishia noti moja moja, makuta 33 kila mara, anamupa 9.900. Mwenye kubadilisha tatu tatu anamupa 10.000. Makuta 100 yamepotea, ni kusema zaire mpya nzima, na hakuna aliyeiba kwa macho. Mama aliyejua kufunga noti zake tatu tatu hakupoteza kitu. Serikali ingechagua 1.000.000 ao 5.000.000, matata haya yasingekuwako. Sisi tunaona ile 3 ilichaguliwa vibaya.

Kwa darasa za chini: zaire 1 ya zamani ilikuwa makuta 100, na likuta 1 sengi 100. Franga 1 ya 1998 ni sengi ngapi, na namba hiyo iko na vigawo vingapi? Sisi tumepata 512. Mutuonyeshe njia.